Dimbwi la Julai, kibali cha Septemba: uchambuzi wa upelelezi wa musi kaskazini mwa Maine

Kibali cha uwindaji kinasema dume mmoja wa musi (moose kwa Kiingereza, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu), juma la mwisho la Septemba, Jumatatu hadi Jumamosi, katika mojawapo ya wilaya za uwindaji za kaunti ya Aroostook, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani. Wenye kibali ni shemeji wawili wanaoishi Portland, mji ambao siku hizi Kiswahili cha Kongo, Burundi na Rwanda kinasikika madukani na vituoni. Mmoja jina lake ndilo lililotoka kwenye bahati nasibu ya Juni. Wa pili ameandikishwa kama mwindaji mwenza, kwa hiyo naye anaruhusiwa kupiga, ila mnyama ni mmoja tu kwa wote wawili. Kutoka Portland hadi Ashland, ambako barabara ya magogo inaingia msituni, ni kama saa tano kwa gari. Watu hawa tumewaweka kama mfano, lakini njia waliyopita ndiyo wanayopita wengi wanaopata kibali kwa mara ya kwanza, na wanaopotea hupotea mahali pale pale.

Uwindaji wa musi Maine ulirudishwa mwaka 1980 baada ya kufungwa tangu miaka ya 1930. Waombaji wanazidi vibali kwa mbali, na wapo wanaoomba miaka kumi na zaidi bila jina lao kutoka. Anayepata hawezi kusema mwaka kesho atajaribu tena. Ndiyo sababu upelelezi wa kabla ya safari una uzito kuliko bunduki utakayobeba au pembe ya kuitia utakayonunua, ile ya kuigizia sauti ya jike ili dume aje.

Walichokiona Julai

Katikati ya Julai walikwenda kwa siku mbili. Jioni ya kwanza, kwenye dimbwi lenye kina kifupi na mayungiyungi mengi, waliona madume mawili yamezama hadi kifuani yakila, na jike mmoja na ndama wake ukingoni. Dume mkubwa alikuwa na pembe pana ambazo bado zilikuwa na ngozi ya manyoya. Wakaweka alama kwenye ramani, wakafunga kamera kwenye njia iliyochimbika ya kuteremkia majini, wakarudi nyumbani wakiwa na hakika. Kamera waliiwekea jina la mwenyewe na walikuwa na ruhusa ya mwenye ardhi. Hilo walifanya sawasawa: sehemu kubwa ya misitu ya kaskazini mwa Maine ni mali ya kampuni na watu binafsi, na North Maine Woods, eneo la takriban ekari milioni 3.5 linaloingiwa kwa kulipia getini, lina taratibu zake.

Mwisho wa Agosti waliangalia picha. Hadi siku za mwanzo za Agosti musi walikuwa wakija karibu kila usiku, kisha picha zikapungua, na baada ya hapo kamera ikabaki kupiga ndege na matawi yanayotikiswa na upepo. Mwenye kibali akasema ni joto, watarudi baridi ikianza. Alhamisi ya mwisho kabla ya uwindaji, siku nne tu mkononi, walifika dimbwini wakakuta nyayo zilizokauka na kupasuka kingo. "Shemeji," mwenzake akasema, "hawa wamehama zamani."

Kwa nini dimbwi lilikuwa tupu

Musi huingia majini kiangazi kwa sababu mbili zinazoeleweka vizuri. Ya kwanza ni chumvi. Vijiti na majani ya miti anayokula mwaka mzima vina sodiamu kidogo sana, na mimea ya majini ina nyingi zaidi kwa mbali, hivyo kati ya Juni na Agosti mapema mnyama hujaza upungufu wake wa mwaka. Ya pili ni joto na wadudu. Musi ameumbwa kwa baridi: kiangazi, joto la hewa likipita nyuzi 14 za Selsiasi hivi, mwili wake huanza kuhangaika kujipoza. Maji humpoza na kumwondolea inzi.

Kufika Septemba sababu zote mbili zimeisha. Mimea ya majini imeanza kufa, usiku ni baridi, wadudu wamepungua. Na dume amebadilika kabisa. Mwanzoni mwa Septemba anaparuza ngozi ya pembe kwenye miti mpaka itoke, na kuanzia katikati ya mwezi hadi siku za mwanzo za Oktoba kinachomwongoza ni majike. Kilele cha kupandana huangukia juma lile lile la kibali au siku chache baada yake. Dume katika siku hizo hula kidogo sana na hutembea sana. Jike hatembei hivyo: yeye anashika eneo lenye chakula na kivuli, hasa akiwa na ndama. Anayemtafuta dume mwishoni mwa Septemba inampasa atafute jike, na anayemtafuta jike atafute chakula chake cha msimu huo.

Chakula chenyewe ni machipukizi ya miti ya majani mapana: mierebi, betula, mepoli, popla, cheri ya porini. Machipukizi hayo hupatikana kwa wingi pale ambapo msitu umekatwa na unaota upya. Dimbwi la Julai liliwaambia shemeji hawa kwamba musi wapo wilayani, jambo ambalo ramani ya serikali ingeweza kuwaambia wakiwa sebuleni. Halikuwaambia watakuwa wapi siku ya Jumatatu.

Kamera nayo iliwapotosha kwa namna yake. Ilionyesha ukweli, ila iliwafunga mahali pamoja. Picha zilipopungua Agosti, hiyo ndiyo ilikuwa taarifa yenye thamani kuliko zote ilizotoa, na wakati wa kuihamisha kamera ulikuwa ule.

Alhamisi: ramani kwanza

Jioni ile hawakuendesha ovyo kutafuta bahati, na hapo ndipo kisa chao kinaanza kufaa kufundishia. Walikaa na picha za satelaiti walizokuwa wamepakua kabla ya kuingia msituni, maana ndani hakuna mtandao wa simu wa kutegemea. Programu nyingi za ramani huonyesha picha za miaka tofauti za eneo lile lile. Ukizilinganisha unajua mkato fulani, yaani eneo ambalo kampuni imekata miti yote au karibu yote, ni wa mwaka gani.

Umri wa mkato ndio kila kitu. Mkato wa mwaka mmoja hadi mitatu una nyasi, mirasiberi na miche ya magotini: chakula kidogo, kificho hakuna. Kuanzia miaka minne au mitano hadi kumi na miwili hivi machipukizi yako kwenye kimo cha mdomo wa musi, kati ya mita moja na mbili na nusu, na ndama anaweza kujificha. Kupita miaka kumi na mitano vichwa vya miti vimemzidi kimo, kivuli kimeua chakula cha chini, na mnyama anapatumia kulala tu. Mwindaji ana sharti lake zaidi: lazima aone. Mkato wa miaka kumi na mmoja unaweza kuwa na musi watatu na usimwone hata mmoja, kwa sababu miche imesimama kama ukuta wa mita nne. Ulio bora kwa kupiga ni wa miaka minne hadi minane, au wa zaidi ya hapo wenye njia za mashine ambazo bado zimebaki wazi.

Wakaweka masharti mengine matatu. Msitu mzito wa misonobari au mierezi uwe pembeni, umbali usiozidi mita mia tatu, kwa ajili ya kivuli cha mchana. Maji yawe karibu, hata kijito au bwawa lililojengwa na biva, yule mnyama anayeziba vijito kwa miti. Na barabara inayopitika kwa gari isiwe mbali zaidi ya mita mia nne na mahali popote ambapo mnyama angeweza kuanguka. Mikato kumi na minne ikabaki sita.

Sharti la mwisho ndilo wageni hulidharau. Musi ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu, na dume aliyekomaa hufika kilo 450 akiwa hai. Ukimgawa, robo moja ya nyuma peke yake inaweza kupita kilo 60. Watu wawili wenye nguvu wanaobeba robo hiyo kwenye visiki, matope na matawi yaliyoachwa na wakataji hawaendi mita mia bila kupumzika. Aliyeanguka kilomita moja na nusu ndani ya kinamasi ni siku mbili za kazi, na kukiwa na joto sehemu ya nyama itaoza kabla kazi haijaisha. Dimbwi lao la Julai lilikuwa na kosa hili pia: dume akipigwa pale angeweza kufia majini, na kumvuta musi aliyelowa kutoka kwenye tope la kiunoni ni jambo ambalo watu wazima wameshindwa nalo wakiwa na winchi.

Ijumaa: ardhi inakanusha ramani

Kati ya mikato sita, miwili ilianguka dakika kumi tu baada ya kufika. Kwenye picha ilikuwa ya kijani kibichi na umri wake ulikuwa sawa. Kwa karibu, miche yote ilikuwa misonobari midogo iliyopangika, na katikati yake vijiti vikavu vya kijivu vya betula na mepoli. Kampuni za misitu huwa zinanyunyizia glifosati, dawa ya kuua mimea, kwa helikopta mwishoni mwa kiangazi ili kuua miti ya majani mapana na kuipa misonobari mwanga. Mkato ulionyunyiziwa hauna kitu kwa musi kwa miaka kadhaa, na satelaiti haikuambii. Dalili ya kutazama ni moja: simama barabarani, tafuta majani mapana yaliyo hai kwenye kimo cha kifua. Kama huyaoni, geuza gari.

Mkato wa tatu ulikuwa na mashine zikifanya kazi na malori ya magogo yakiingia na kutoka. Kelele peke yake haimfukuzi musi moja kwa moja, na wapo wanaokula vichwa vya miti iliyoangushwa jana usiku, lakini usalama na adabu vinakataza kuwinda pale. Na kwa kuwa tumefika kwenye malori: kwenye barabara hizi lori la magogo ndilo lenye njia. Washa taa mchana, kaa kulia, usisimame kwenye kona wala darajani hata kama musi amesimama mbele yako. Mawe ya barabara hizi yana makali, hivyo chukua matairi mawili ya akiba, kiziba pancha na pampu, na mafuta ya kutosha kwenda na kurudi, maana ukishapita geti hakuna kituo.

Ikabaki mitatu. Tuiite A, B na C.

Wakaisoma kwa miguu, mmoja upande huu, mwingine upande ule, pembezoni bila kukata katikati. Kitu cha kwanza ni ncha za vijiti. Musi hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hakati; huvuta na kuchana, akiacha ncha iliyochanika nyuzinyuzi. Sungura wa theluji hukata safi, kwa mshazari, karibu na ardhi. Ncha nyeupe yenye unyevu ni ya leo au jana, ya kahawia ni ya zamani. A na C zilikuwa na ncha nyeupe nyingi. B ilikuwa na za kahawia tu, na hapo wakaiacha iwe akiba ya mwisho.

Nyayo zinafuata. Unyayo wa dume mkubwa hufika sentimita 15 na kupita, mpana, ncha zimepindapinda kuwa butu. Wa jike ni mwembamba na umechongoka. Lakini ukubwa wa unyayo kwenye tope laini hudanganya, na umri wake hudanganya zaidi. Njia ya uhakika ni kutafuta tukio lenye saa inayojulikana. Mvua ilikuwa imenyesha Jumatano usiku, hivyo kila unyayo wenye kingo kali na usio na matone ya mvua ndani yake ulikuwa wa baada ya hapo. Pasipo na mvua, unajitengenezea tukio mwenyewe: chukua tawi zito la msonobari, fagia mita ishirini za barabara ya vumbi mahali wanapovuka, jioni, kisha usome asubuhi. Kazi ya dakika tano inayokupa jibu ambalo kamera tatu haziwezi kukupa.

Kinyesi kinasema kuhusu chakula. Kiangazi huwa laini, kinatandaza karibu kama cha ng'ombe, kwa sababu ya majani na mimea ya majini. Mnyama akihamia kwenye vijiti kinakuwa punje ngumu kubwa kama tende. Katika C walikuta vyote viwili, punje zikiwa bado na utelezi juu.

Kilichoamua ni kitu kingine. Kwenye kona ya kaskazini mashariki ya C, pale mkato unapogusa mierezi, kulikuwa na miche minne iliyovunjwa na mmoja uliochunwa gome kuanzia magotini hadi juu ya kichwa cha mtu, mti wenyewe bado mweupe na utomvu ukichuruzika. Hatua thelathini mbele, shimo. Dume wakati wa kupandana huparua ardhi kwa kwato mpaka apate shimo fupi lenye kina cha sentimita kumi au ishirini, hulikojolea, hugaagaa humo, na majike huja kulalia tope lile. Harufu yake ni kali, unaisikia kabla hujaliona. Michubuko kwenye mti inaweza kuwa ya dume aliyepita njia. Shimo bichi lenye nyayo nyembamba za jike kando yake maana yake ni kwamba hapa pana shughuli sasa hivi.

Hawakuita. Mwenzake alitaka kujaribu pembe ya gome la betula kuona kama dume atajibu, na mwenye kibali akamkataza. Tunaunga mkono kwa nguvu zote. Kuita wakati wa upelelezi, siku tatu kabla ya kufunguliwa, kunakupa furaha ya dakika moja na dume aliyekuja, akanusa binadamu, akajifunza. Kusikiliza kunatosha. Ijumaa usiku walizima gari juu ya kilima kati ya A na C, wakakaa kimya robo saa kwenye hewa tulivu, na wakasikia mgumio mfupi wa dume kutoka upande wa C mara tatu. Taa hawakuwasha kumtafuta: Maine, kuanzia 1 Septemba hadi 15 Desemba, kumulika wanyama pori usiku ni kosa, hata kama bunduki iko nyumbani.

Jumamosi na Jumapili: upepo, njia ya kutolea nyama, na kukaa mbali

Jumamosi asubuhi hawakuingia C. Walikaa barabarani, kwenye uwanja wa zamani wa kupakilia magogo, wakatazama kwa darubini kuanzia nusu saa kabla ya jua hadi saa mbili asubuhi. Jike na ndama walitoka kwenye mierezi, wakala dakika arobaini, wakarudi. Dume hawakumwona. Hilo halikuwasumbua, na halikupaswa kuwasumbua: penye jike na shimo, dume ana sababu ya kupita.

Upepo waliupima kwa chupa ndogo ya poda, asubuhi, adhuhuri na jioni. Katika ardhi ya vilima hewa baridi hushuka bondeni alfajiri na jioni, na hupanda jua likishapasha mteremko, kwa hiyo upepo wa redio ya hali ya hewa si upepo wa mahali utakaposimama. C inateremka kuelekea mashariki. Alfajiri hewa iliteremka na kuelekea kwenye mierezi, mahali hasa wanapolala, kumaanisha mtu anayeingia kutoka barabara ya juu anapeleka harufu yake kitandani kwao. Wakatafuta njia ya kuingilia kutoka kusini, kwa mguu, dakika ishirini za kutembea gizani, wakaiwekea utepe mdogo.

Dume anayeitwa haji moja kwa moja. Huzunguka mpaka apate upepo wa anayeita, ndipo asogee. Kwa hiyo mpigaji hakai pamoja na mwitaji. Walichagua mwitaji akae kwenye ukingo wa miti, na mpigaji mita sabini chini ya upepo wake, penye uwazi wa kuona upande ambao dume angepitia akizunguka. Kila umbali wakaupima: kisiki kilichoungua mita 90, jiwe jeupe 140, kona ya mierezi 210. Wakakubaliana kutopiga zaidi ya 200.

Kisha kazi ambayo wengi huiacha mpaka mnyama yuko chini. Walitembea njia ya kutolea nyama kutoka kila pembe ya mkato hadi barabarani, wakaondoa matawi kwenye njia moja ya mashine ya zamani kwa ruhusa waliyokuwa nayo. Wakapanga vifaa garini: winchi ya mkono, kapi mbili, kamba isiyonyumbuka ya mita 150, turubai mbili, sledi ya plastiki ya kuburutia mzigo, visu vitatu na kinoo, msumeno wa mifupa, mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, na kilo 70 za barafu kwenye makontena. Wakampigia mchinjaji wa Ashland kabla, kuhakikisha ana chumba cha baridi na nafasi, kwa sababu juma lile hujaa. Wakajua kituo cha kuandikishia kiko wapi, maana mnyama lazima afikishwe kituoni ndani ya saa 18, na huko hung'olewa jino la kupimia umri.

Jumapili Maine hakuna uwindaji, ila kutazama kunaruhusiwa. Waliitumia kuangalia watu. Magari mangapi yamepiga kambi, yako kwenye barabara zipi, nani ameegesha kwenye mdomo wa njia gani. Mbele ya A kulikuwa na kambi mbili mpya. A ikashuka daraja.

Juma lenyewe

Jumatatu ilipanda hadi nyuzi 23. C ilikuwa kimya, hata jike hakutoka. Hapa wengi huvunjika moyo na kuanza kuzurura na gari, wakitumia siku mbili nzuri kutafuta mahali papya. Wao walitoka saa tatu asubuhi, wakaenda kutazama kivuli: ukingo wa kinamasi chenye mierezi nyuma ya C, kwa mbali, upepo ukiwa usoni. Walikuta nyayo mbichi zikiingia na hawakuzifuata. Joto halikuwa limewahamisha musi, liliwafanya watembee usiku tu, na kuwasukuma kutoka kwenye kitanda chao kungewahamisha kweli.

Jumanne jioni upepo uligeuka kutoka kusini hadi kaskazini magharibi, mvua ikapita, na Jumatano kulipambazuka kwa nyuzi 2. Mwitaji alitoa sauti ya jike mara mbili, mlio mrefu wa sekunde nne hivi unaopanda na kushuka, kisha akanyamaza. Watu hukosea kwa kuita kila dakika tano. Jike halisi halii hivyo. Walisubiri nusu saa. Dume alijibu kutoka mierezini, akavunja miche njiani, akazunguka kama walivyotarajia, na saa 12 na dakika 50 asubuhi akasimama ubavu mita 120 kutoka kwa mpigaji. Risasi mbili nyuma ya bega. Musi aliyepigwa vizuri anaweza kubaki amesimama kama hajaguswa, kwa hiyo hupigi moja ukasubiri; unapiga tena mpaka aanguke. Alianguka mita 180 kutoka barabarani.

Kabla ya picha na simu walimfunga mnyama lebo ya kibali. Ngozi ya musi ni nene na manyoya yake yana hewa ndani, kwa hiyo joto la mwili halitoki lenyewe hata kukiwa na baridi. Nyama ya paja karibu na mfupa ndiyo huharibika kwanza. Ndani ya saa moja tumbo lilikuwa limefunguliwa na ngozi imeanza kutoka, na kabla ya saa tano asubuhi robo zote nne zilikuwa zimening'inia kivulini, ushahidi wa jinsia ukiwa umebaki kwenye nyama kama sheria inavyotaka. Kwa wasomaji wa kwetu ambao maini na figo ndiyo supu ya kwanza ya siku ya kuchinja: idara ya wanyamapori ya Maine inashauri visiliwe vya musi, kwa sababu ya kadimiamu, metali yenye sumu, inayojikusanya humo. Moyo na ulimi havimo katika onyo hilo.

Uzito wa kila hatua

Tukizipima hatua zao, safari ya Julai haikupotea bure kwa kuwa walifika mapema. Ilipotea kwa sababu waliitumia kutafuta mnyama. Julai ni ya kutafuta barabara: daraja gani limekatika, njia ipi imezibwa kwa kifusi, geti lipi hufungwa saa ngapi, mkato upi umenyunyiziwa na upi haujanyunyiziwa. Mambo hayo hayabadiliki sana hadi Septemba. Wangekuwa na orodha ya mikato kumi iliyothibitishwa kwa miguu tangu Julai, siku zile nne za mwisho zingekwenda zote kwenye dalili mbichi, na A wangejua mapema kwamba inafikika kirahisi kiasi cha kuvutia kila mtu.

Kamera ilistahili kuhamishwa juma la kwanza la Septemba na kuwekwa pembeni mwa mkato, kwenye pito kati ya chakula na kivuli, kimo cha mita moja na nusu, ikitazama kaskazini ili jua lisiiangaze usoni.

Bahati ilikuwepo, hasa ile baridi ya Jumatano. Ila baridi ile iliwakuta watu mia kadhaa msituni kwa pamoja, na iliyemfaa ni aliyekuwa amekaa mahali sahihi bila kupaharibu Jumatatu na Jumanne.

Kibali chao kingekuwa cha Oktoba, wiki mbili baadaye, sehemu ya mpango huu ingebadilika. Kilele kimepita, dume amechoka, amepungua uzito na anarudi kula, hivyo kuita kunapungua nguvu na mkato wenye chakula kingi unazidi shimo la kugaagaa. Majani yameanguka, unaona mbali zaidi, na mikato ya miaka kumi iliyokuwa ukuta Septemba inaanza kusomeka kwa darubini. Kibali cha jike cha mwishoni mwa Oktoba kinataka subira ya namna nyingine: pembezoni mwa misonobari, machweo, na macho yaliyozoea kutofautisha jike na dume mchanga mwenye pembe fupi zilizofichwa na masikio.